Kucha za Paka

Mtangawanda, katika kisiwa cha Pate, ndipo vyombo vitokavyo Lamu hushusha abiria na mizigo; na penye samaki paka hawakosi. Mmoja wao, mzee, alikuwa akichechemea. Ukucha wake ulikuwa umerefuka hata ukapinda na kumchoma nyama ya wayo. Nilimshika ili nimkate. Alinguruma, akanipapura mkono. Je, nilikuwa na haki ya kumtendea wema alioukataa?

Wako wasemao kuwa mnyama hajui limfaalo. Neno hili ni kweli, lakini lina hatari, maana kila mwenye nguvu hulisema juu ya mnyonge wake. Mimi nilijiuliza: nakata kwa faida ya nani? Paka kijana hunoa kucha zake mwenyewe kwa kuparura miti. Kumkata yeye ili mkeka wangu usalimike ni kujitendea wema mimi. Mzee huyu hakuweza tena. Basi nilimviringisha kikoi, nikakata ncha iliyopinda tu, kwa hadhari, kwani ndani ya ukucha mna mshipa wa damu. Nilipomwachia alikimbia, na kwa siku nyingi alinikwepa kila niliposhuka gatini.