Mkaratusi wa Kibumba na hesabu ya thawabu

Mkulima wa Kibumba, mashariki mwa Kongo, anayepanda mikaratusi pembezoni mwa shamba lake hana gorila akilini. Anahesabu magunia ya makala, yaani mkaa, yatakayoshuka mjini Goma kwa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, karo ya watoto, bati la nyumba. Miti ikikomaa ataikata, visiki vitachipua, naye atangoja tena. Je, mtu huyu amewatendea wanyama wema?

Kibumba inapakana na Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Kwenye miteremko ya mlima Mikeno, ndani ya hifadhi hiyo, gorila wa milimani hula majani, mabua na machipukizi ya mianzi. Sensa ya 2015 na 2016 ilihesabu gorila 604 katika milima yote ya Virunga. Msitu huo ukiisha, hawana pa kuhamia.

Na msitu huisha. Mwaka 1994 wakimbizi wengi mno kutoka Rwanda walipiga kambi hapa, juu ya mawe ya volkeno yasiyo na mto. Maji yaliletwa kwa malori. Kuni zilitoka hifadhini. Nani atamlaumu mama aliyekata mti ili maharage ya msaada yaive? Mwaka huohuo UNESCO iliiorodhesha Virunga kuwa urithi wa dunia ulio hatarini. Mwaka 2007 gorila wa familia ya Rugendo waliuawa kwa risasi, na biashara ya makala ikahusishwa na mauaji hayo. Ndipo shirika la WWF likaanza mradi wa EcoMakala: watu wapande miti mashambani mwao, ili Goma ipike bila kuumaliza msitu.

Mwenye kushika dini atauliza nia. Katika Uislamu, Mtume alifundisha kwamba matendo huhesabiwa kwa nia, na nia ya mkulima ni fedha. Lakini Mtume huyohuyo alifundisha kwamba anayepanda mti, kisha mtu, ndege au mnyama akala humo, huandikiwa sadaka. Hata kilichoibwa humo ni sadaka yake. Haikusemwa kwamba lazima awe alimkusudia ndege yule.

Fundisho hilo lina uzito wake hapa. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, gorila wameonekana wakitoka hifadhini kubandua magome ya mikaratusi ya wakulima, kwa kuwa yana chumvi wanayoikosa msituni. Mti uliobanduliwa gome pande zote hukauka. Kwa Mungu hiyo yaweza kuwa sadaka. Kwa mwenye shamba ni gunia lililopotea, na anastahili kulipwa. Thawabu ya akhera haimwondolei mtu haki yake ya duniani.

Wakristo, ambao ndio wengi Kibumba, wana Kumbukumbu la Torati sura ya 20, inayokataza jeshi linalozingira mji kukata miti ya matunda. Amri hiyo inawahusu wenye silaha, na ndiyo inayofaa kuhubiriwa kwanza hapa Kivu. Mwaka 2022 mapigano ya waasi wa M23 yaliwafukuza wakazi wa Kibumba hadi Kanyaruchinya, karibu na Goma, wakaacha mashamba na miti yao. Mkaratusi unahitaji miaka kadhaa ya utulivu kabla ya kukatwa. Mkulima amekwisha kutoa ardhi na jasho lake. Anayedaiwa sasa ni mwenye bunduki, na pia mnunuzi wa Goma asiyeuliza gunia lake limetoka shambani au hifadhini.