Udongo Uwahi Ungali Maji

Methali hii hutajwa zaidi mbele ya mtoto mtukutu, au mbele ya mzazi wake. Darasani maana yake huwa moja: mfunze mtoto angali mdogo, maana akikomaa hakunjiki. Samaki mkunje angali mbichi hubeba ujumbe huohuo, na wanafunzi huziandika mbili hizi bega kwa bega. Si kosa. Ila anayeijua kazi ya udongo husikia mengi ambayo samaki hayasemi.

Huko Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone kando ya Ziwa Nyasa, wanawake wa Kikisi wanasifika kwa kufinyanga vyungu. Kwao, kama kwa wafinyanzi wa kwingineko, kuwahi kuna hatua zake. Udongo hufinyangwa ukiwa na maji. Ukishashikana ndipo hukwanguliwa na kusuguliwa, na hauendi motoni mpaka ukauke kabisa. Chungu kikitiwa motoni kingali na unyevu hupasuka, kwa kuwa maji yaliyobaki ndani hugeuka mvuke na kutafuta pa kutokea. Basi mfinyanzi hupata hasara kwa kuchelewa mwanzoni, na hupata hasara kwa kuharakisha mwishoni. Wakati wa kazi yake anausoma kwenye udongo wenyewe, kwa kuugusa.

Muuguzi wa kliniki ya watoto analijua jambo hilo vizuri. Tanzania, chanjo ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, kisha 18. Mama mwenye hofu angependa mwanawe achanjwe mapema zaidi, lakini kinga ambayo mtoto alizaliwa nayo kutoka kwa mama huweza kuizuia chanjo isishike. Kinga hiyo nayo haidumu; hupungua kadiri miezi inavyopita, na anayekawia kurudi kliniki humwacha mtoto bila ngao.

Sheria haina mguso wa namna hiyo, ina kalenda tu. Tanzania na Kenya, mtu anayedai ardhi yake mahakamani kwa kawaida amewekewa ukomo wa miaka 12. Ukipita, dai lenye haki tele linaweza kutupwa kabla hata halijasikilizwa. Ni ukali, ingawa una sababu: mashahidi hufa, na kumbukumbu za waliobaki hufifia.

Methali inapotumiwa vibaya ni pale inapogeuzwa kuwa hukumu. Mwaka 2004 Kimani Maruge, mzee wa miaka 84 aliyepigana katika vita vya Mau Mau, alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi huko Eldoret, Kenya. Wapo ambao wangemwita udongo uliokwisha kauka. Lakini aliyechelewa ni nani? Ada za shule za msingi za umma zilifutwa mwaka 2003, yeye akiwa tayari ameshapita miaka 80. Ukiitazama vizuri, methali inamsemesha mfinyanzi. Yeye ndiye anayeambiwa awahi, na udongo haulaumiwi popote.

Tena mfinyanzi anajua siri ambayo wenye kuhukumu huisahau. Chungu kilichokauka bila kuchomwa kikivunjika, vipande vyake hulowekwa, hupondwa, na kufinyangwa upya. Kisichorudi nyuma ni moto. Watu nao huweza kulowekwa hivyo: Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, aliwaita darasani watu ambao shule za kikoloni ziliwapita, wakulima na mama wa nyumbani wenye wajukuu.

Kuloweka, hata hivyo, ni kazi ndefu kuliko kufinyanga tangu mwanzo, na asiyesema hivyo anadanganya. Maruge alisoma, akasafiri hadi New York mwaka 2005 kuitetea elimu ya bure mbele ya viongozi wa dunia, kisha ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zikamtoa kwake na kuyavuruga masomo yake. Alifariki mwaka 2009, bado hajahitimu shule ya msingi.