Unamkasirikia Nani?

Wengi huamini kwamba mtu hawezi kukosea kuhusu hisia zake mwenyewe. Nitapotea njia, nitakosea hesabu, lakini nikisema nimekasirika, nani atanibishia? Imani hii inafariji, ila mimi naona si kweli.

Mchukue mwanamume aliyefiwa na kaka yake. Siku ya pili ya matanga anagombana na kamati kuhusu turubai: limechelewa, linavuja, tena limekodiwa kwa bei mbaya. Anafoka mpaka wazee wanamshika mkono. Ukimuuliza ana nini, atasema ana hasira, wala hadanganyi. Mishipa ya shingo imemtoka. Lakini hasira yote ile ni ya turubai?

Aristotle, katika kitabu chake kuhusu ufundi wa kushawishi kwa maneno, alisema anayetaka kuielewa hasira aulize mambo matatu: wenye hasira huwa katika hali gani, huwakasirikia akina nani, na kwa sababu zipi. Aliwaandikia wasemaji wanaotaka kuzichochea na kuzituliza hadhira (kazi yenye hila kidogo, tukubali), lakini maswali hayo yanamfaa zaidi mtu aliyebaki peke yake usiku. Mfiwa wetu akiyajibu kwa uaminifu atakwama kwenye sababu. Turubai likivuja, mtu hudai apunguziwe bei, hatetemeki. Nyuma ya hasira ile ipo huzuni, na pengine jambo zito kuliko huzuni: anamkasirikia marehemu kwa kuondoka kabla hawajapatana. Hilo halisemeki mbele ya kamati. Pengine hata yeye hajawahi kujiambia.

Wapo watakaosema kuchunguza moyo namna hii ni mambo ya kigeni, kwamba sisi tumelelewa kustahi, na Pwani mtu haropoki, hutupa fumbo. Sawa, lakini nani kasema fumbo ni kutojijua? Mtazame mwanamke anayetafuta dukani kanga ya kumjibu wifi yake. Anasoma jina moja, jingine, la tatu. Hili lina kejeli, naye hataki kejeli. Lile linaomba radhi, naye hakukosa. Jingine linatamba, na yeye ameumia, hatambi. Kila analolirudisha kwa muuzaji linamsogeza karibu na kile hasa kinachomkereketa. Akishalipa na kujifunga kanga yake, bila kufungua kinywa, atakuwa amesema kwa usahihi ambao yule mfiwa, kwa kelele zake zote, hakuufikia. Kusema waziwazi ni jambo moja. Kujua unachosema ni jingine, na la pili ndilo gumu.

Sidai kila hisia itangazwe. Nyingine heshima yake ni kufichwa, mradi mwenyewe awe anajua anachokificha.

Kwa kutojijua huku, lawama kubwa naiweka kwenye malezi ya wavulana. Msichana akianguka huulizwa ameumia wapi. Mvulana huambiwa mwanamume halii. Anakua akiwa na ruhusa ya hasira tu, basi hofu, aibu na upweke vyote hutoka kwa sura ya hasira, hadi naye mwenyewe asiweze kuvitenganisha. Wazazi, mvulana wenu akilia, msimnyamazishe upesi. Mwulizeni analilia nini, na msitosheke na jibu la kwanza.