Panya Hapiki Data



Msimu wa risechi umefika tena kwa walio mwaka wa mwisho, na kwenye mabweni ya vyuo vyetu, si Morogoro tu, kuna msemo unaozunguka: kupika data. Kwa ambaye hajawahi kuusikia, ni hivi. Ulitakiwa upande Mgeta mara sita kuchukua sampuli za udongo. Ukapanda mara mbili, bumu likakata, mvua ikaharibu barabara. Zile mara nne zilizobaki unazimalizia kitandani kwenye Ekseli. Unaongeza kidogo hapa, unapunguza kidogo pale, grafu inanyooka, msimamizi anasaini. Hakuna aliyeumia. Au siyo?

Sisi Wakatoliki tunacho Kitabu cha Hekima kwenye Biblia yetu. Ukifungua sura ya 11, aya ya 20, utakuta mwandishi anamsifu Mungu kwa kuwa amepanga kila kitu kwa kipimo, kwa hesabu na kwa uzani. Mwanafunzi wa uhandisi wa umwagiliaji, au wa sayansi ya udongo, isome aya hiyo polepole. Hiyo si ndiyo kazi yako ya kila siku maabara? Unaweka udongo kwenye oveni, nyuzi joto 105, saa 24, unautoa, unaupima tena ujue ulikuwa na maji kiasi gani. Namba inayotokea kwenye mizani hukuitunga wewe wala msimamizi wako. Mungu ndiye aliyeuumba udongo huo uwe hivyo, nawe umepewa nafasi ya kumsoma. Ukiandika namba nyingine unamsingizia Muumba jambo ambalo hakulifanya.

Na unamsingizia jirani pia. Amri ya nane tumezoea kuifikiria kwa habari za umbea na kusengenyana, lakini hebu fuata namba yako inakokwenda. Bwawa la Mindu, kwenye mto Ngerengere, ndilo linaloinywesha sehemu kubwa ya manispaa ya Morogoro, na linapungua kina kwa sababu ya tope linaloshuka kutoka milimani. Maji ya Mgeta nayo yanaingia mto Ruvu, ambao Dar es Salaam inautegemea kwa sehemu kubwa. Sasa kesho anakuja mtu kupanga hifadhi ya udongo huko juu, anatafuta utafiti uliokwisha fanyika, anakutana na jedwali lako lililonyooka vizuri. Anakuamini. Mama anayelima kabichi na njegere kwenye mteremko anaambiwa abadilishe kilimo chake kwa sababu ya mvua ambazo hukuzipima.

Uluguru imewahi kuonja machungu ya utaalamu usiopimwa shambani. Miaka ya 1950 serikali ya mkoloni Mwingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Nia haikuwa mbaya, na mmomonyoko ulikuwepo kweli. Lakini kwenye miteremko mikali kama ile udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba, na ukichimba ngazi unaufukia huo na kuleta juu ule usiozaa. Wakulima waliliona kwa macho yao, wakasema, hawakusikilizwa. Mwaka 1955 hasira ikalipuka kule Matombo, na kuna aliyepoteza maisha. Hapo sijui kama kuna aliyepika chochote. Ninachokiona ni kwamba karatasi iliaminiwa kuliko ardhi, na ndivyo data ya kupikwa inavyofanya kazi.

Turudi mjini, tuwaone panya. Pale SUA shirika la APOPO linawafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na wengine kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Panya akipatia harufu anasikia mlio mdogo, kisha anapewa chakula, mara nyingi ndizi. Asipopatia, hapati kitu. Fikiria mkufunzi amwonee huruma ampe ndizi ya bure, halafu panya huyo apelekwe kwenye shamba la mabomu. Magawa, aliyefunzwa hapa hapa Morogoro, alifanya kazi Kambodia na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA. Watu walitembea nyuma yake wakiamini kwamba alipopita ni salama. Jamani, panya hapiki data!

Najua utakachosema. Nauli haipo, muda haupo, sapu inakunyemelea, na msimamizi wenyewe anasoma kurasa mbili za mwanzo tu. Sikatai, umaskini wa mwanafunzi ni kitu halisi. Ila sampuli mbili za kweli ni utafiti. Andika kwamba ulipanga safari sita ukafanya mbili, eleza sababu, acha nafasi wazi kwenye jedwali. Mpigie msimamizi kabla hajakupigia. Ongea na wenzako wa TMCS, huenda kuna anayepanda Mgeta Jumamosi mkachangia usafiri.

Na kama ripoti imeshasainiwa? Hapo ni pagumu zaidi, na sitaki kukudanganya. Nenda kwenye kitubio, Mungu anasamehe. Lakini Kanisa linatufundisha pia kwamba kosa dhidi ya ukweli linadai kurekebishwa, kwa hiyo kuna mlango wa ofisi unaotakiwa kuubisha. Inaweza kukugharimu semista. Mwombe padre mlezi ushauri kabla ya kwenda, na usiende peke yako kama unaogopa.

Tuombe. Bwana, uliyeyapimia maji ya Uluguru njia zake, uwe nasi maabara na shambani. Uwaonee huruma waliokata tamaa usiku huu mbele ya jedwali lenye mapengo, wapate nauli, wapate na ujasiri. Amina.