Mayowe ya Usiku ni ya Nani?

Konda wa daladala inayotoka Simu 2000 huita vituo vya Makaburini na Vatican kwa pumzi moja, na hakuna abiria anayeshtuka. Ndivyo Sinza, Dar es Salaam, ilivyo: wafu, baa, maduka ya nguo na makanisa ya kila namna, wote majirani wa ukuta kwa ukuta. Usiku wa mkesha, spika za Barabara ya Shekilango na mitaa ya nyuma yake hugombea hewa ileile. Upande mmoja singeli inakimbia. Upande wa pili mchungaji anakemea mapepo. Anaanza kwa maneno, sauti inapanda, inakwaruza, halafu maneno yenyewe yanapotea na kinabaki kishindo cha koo na kifua. Waumini nao wanapokea, kila mtu na lake, na hakuna sikio linaloweza kuokota sentensi nzima humo ndani. Kesho yake mchungaji anaongea kwa kunong'ona.

Vijana wawili wa Nairobi wamejifunza kutoa kishindo cha namna hiyo bila kupoteza sauti. Tarehe 7 Agosti 2020, Martin Khanja, anayejulikana jukwaani kama Lord Spikeheart, na Sam Karugu walitoa albamu yao ya kwanza. Kundi lao la muziki wa metali linaitwa Duma na albamu nayo ni Duma, jina lililotoka kwenye neno la Kikuyu lenye maana ya giza, wala si kwa yule mnyama wa Serengeti. Waliirekodi Kampala mwaka 2019 chini ya Nyege Nyege Tapes, lebo ambayo Mswahili hulitaja jina lake baada ya kuangalia kwanza nani yuko karibu. Lebo hiyohiyo ndiyo iliyotoa Sounds of Sisso mwaka 2017, mkusanyo wa singeli kutoka studio ya Mburahati, si mbali na Sinza.

Kwenye albamu hiyo Duma hawana mpiga ngoma. Midundo imepangwa kwenye kompyuta na inakwenda kwa kasi ambayo mikono ya mtu haiwezi kuifikia. Gitaa la Karugu limepotoshwa mpaka noti zake hazitofautiani na mashine ya kusaga. Juu ya yote hayo Khanja anapiga mayowe, anabweka, ananguruma. Waimbaji wa metali kali hufanya hivyo kwa kusukuma pumzi kutoka tumboni na kutikisa mikunjo iliyo juu kidogo ya nyuzi za sauti, ili nyuzi zenyewe zisichanike. Msikilizaji hupata neno moja hapa, jingine pale. Mengine yote ni sauti tupu.

Hapo ndipo swali la kidini linapoanza kuuma. Sauti ambayo maneno yake hayashikiki, inaweza kuwa dhambi?

Wapo waliokwisha kujibu. Oktoba 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini Kenya, mwenyekiti wake akiwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Ripoti ilipowekwa hadharani mwaka 1999, ilisema ibada hiyo ipo. Uganda, mwaka 2018, waziri wa maadili Simon Lokodo, mtu aliyewahi kuwa padri, alitangaza kulipiga marufuku tamasha la Nyege Nyege kwa hoja ya maadili, kabla serikali haijalegeza msimamo na tamasha likafanyika. Wala hofu hizi hazikuzuka hewani. Huko Norway, mwanzoni mwa miaka ya 1990, vijana wa metali nyeusi walichoma makanisa kweli, na baadhi yao walitiwa hatiani mahakamani.

Duma nao hawajisaidii. Nyimbo zao zina majina kama Angels and Abysses, Sin Nature na Pembe 666. Lakini ukiyatazama vizuri, huo ni msamiati wa mimbari. Malaika, shimo la kuzimu, asili ya dhambi. Pembe na hesabu ya 666 zote zimo katika sura ya 13 ya Ufunuo. Shetani wa metali ni shetani aliyefundishwa na kanisa, na mtu asiyeijua Biblia hawezi hata kumkufuru ipasavyo.

Tena Biblia yenyewe haikuogopa giza. Ayubu, katika sura ya tatu, anailaani siku aliyozaliwa. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka mwishoni zikaangukia kwenye sifa. Zaburi ya 88 haigeuki. Inaanza na kilio, inaendelea na kilio, na inakomea gizani bila faraja yoyote. Waliokusanya kitabu hicho wangeweza kuiacha nje, au kuibandikia mstari mmoja wa matumaini. Hawakufanya hivyo, na mpaka leo inasomwa ibadani.

Upande wa Uislamu mjadala ni mkongwe vilevile. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima ndani ya Ihya, kazi yake kuu, kuzungumzia usikilizaji na hali zinazompata msikilizaji. Hoja yake moja ni kwamba sauti haileti moyoni kitu ambacho hakikuwamo, huamsha kilicholala. Kwa hiyo hukumu inamfuata anayesikiliza na kile kinachoamka ndani yake. Bagamoyo, ambako Sheikh Ramiya aliyefariki mwaka 1931 aliistawisha tarika ya Qadiriyya, zikri hufika mahali ambapo jina la Mungu linabaki pumzi nzito inayotolewa kifuani kwa pamoja. Mgeni akisikia kwa mbali hatasikia neno. Wapo mashekhe wanaoipinga zikri ya namna hiyo, na wapo wanaoiona ni kilele cha ibada.

Mkristo anayetaka kuyapinga mayowe ana wakili mzuri kuliko Moi na Lokodo: Paulo. Katika 1 Wakorintho 14 anasema ni heri maneno matano yanayoeleweka kuliko elfu kumi kwa lugha isiyojulikana. Agostino naye, katika Maungamo, anakiri wasiwasi wake pale uimbaji unapomgusa kuliko kile kinachoimbwa. Hoja hii ni nzito, ila inakata pande zote mbili. Ikimfunga Khanja, inaufunga na mkesha wa Sinza. Na Paulo huyohuyo, akiwaandikia Warumi sura ya 8, anampa Roho kazi ya kuomba kwa kuugua kusikotamkika.

Tofauti iliyopo, basi, haiko kwenye ukali wa sauti wala kwenye giza lake. Iko kwa yule anayeelekezewa. Mwenye Zaburi ya 88 amekata tamaa na bado anamlilia Mungu kwa jina. Mchungaji wa mkesha anamfukuza pepo kwa jina. Yowe la Duma halina anwani, au kama linayo, msikilizaji hapewi. Muumini ana haki ya kuona kwamba hapo pana upungufu: kilio kisichoelekezwa kwa yeyote si sala. Ila kisichokuwa sala si lazima kiwe ibada ya shetani, na kuruka kutoka la kwanza kwenda la pili ndilo kosa ambalo tume na mawaziri hulifanya. Sheria ya nchi hapa kwetu Tanzania hairuki hivyo. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2015 hupima desibeli bila kuuliza aliyeshika kipaza sauti anamwabudu nani, na baraza la mazingira, NEMC, limewahi kuzionya baa na nyumba za ibada kwa pamoja. Jirani aliyekosa usingizi naye ana haki zake mbele ya Mungu.

Mwaka 2024 Khanja alitoa albamu ya peke yake, The Adept, akaitunuku kwa kumbukumbu ya Muthoni wa Kirima, mwanamke wa Mau Mau aliyepanda hadi cheo cha fildimashali na kufariki Septemba 2023. Khanja ni kitukuu wake. Miaka ya mwanzo Muthoni akiwa msituni akipigana, waziri wa makoloni wa Uingereza alikuwa Oliver Lyttelton, na katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1962 aliandika kwamba alipokuwa akishughulikia habari za Mau Mau alihisi kivuli cha shetani, pembe zake zikiwamo, kikiangukia karatasi zilizo mbele yake. Karatasi hizo zilihusu watu waliodai ardhi yao.