Dhahabu Iko Mbagala

Geita wana migodi, Mbagala wana zahanati. Dhahabu iko kotekote, na wewe uliyesoma kemia au fizikia unatakiwa kuliona hilo kabla ya wengine.

Mama kaingia na mtoto anayechemka homa. Mhudumu anamchoma mtoto kidole, anaweka tone la damu kwenye kile kipande cha plastiki, anaongeza matone ya maji ya kipimo, kisha wote wanasubiri. Robo saa hivi. Mstari wa kwanza unaonyesha kwamba kipimo ni kizima. Wa pili ukitokea, kuna malaria. Rangi ile nyekundu ya mistari, mara nyingi, ni dhahabu: chembe ndogo ambazo unywele wako ni mnene kuzipita mara elfu na zaidi, zimevishwa kingamwili zinazoinasa protini ya kimelea. Dhahabu ikisagika kiasi hicho huacha unjano. Michael Faraday aliichunguza rangi hiyo London, akaandika mwaka 1857. Alikuwa mtoto wa mhunzi, na shule aliionja tu.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye uzamivu wako. Vipimo vingi vinatafuta protini iitwayo HRP2. Mwaka 2010 iliripotiwa Peru kwamba kuna vimelea visivyo na jeni ya kuitengeneza. Baadaye Eritrea ikalazimika kubadili vipimo vyake. Kipimo kinasema hakuna kitu, mtoto anaungua. Nani atatengeneza kipimo kisichodanganywa? Tumsubiri mtu wa Boston ambaye hajawahi kulala bila neti?

Najua jibu lako: hela sina. Hakuna anayekudai hela. Unadaiwa andiko la kuomba ufadhili. Na andiko linaloanza na "nanoteknolojia ni sayansi muhimu duniani" linamlaza msomaji usingizi. Anza na mtoto yule wa Mbagala. Askwar Hilonga wa kijiji cha Gongali, Karatu, alisomea uzamivu wa nanoteknolojia Korea Kusini, lakini swali lake lilikuwa maji machafu ya nyumbani kwao. Akarudi kufundisha Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, akatengeneza chujio, na mwaka 2015 akawa wa kwanza kushinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi: pauni 25,000.

Milango ipo. Shirika la DAAD la Ujerumani hufadhili uzamivu unaosomwa hapahapa Afrika. OWSD, shirika la wanawake wanasayansi lenye makao Trieste, Italia, hufadhili wanawake wa sayansi kusoma katika nchi nyingine inayoendelea; dada zangu wa Tandika na Tegeta, hiyo ni yenu. Tume ya Sayansi na Teknolojia iko Kijitonyama, konda anapoita "Sayansi!" Taasisi ya Afya Ifakara ina ofisi Mikocheni. Nauli ya daladala haishindi sahani ya chipsi. Utakataliwa, tena zaidi ya mara moja. Omba maoni ya waliokukataa, rekebisha, tuma tena dirisha likifunguliwa.

Leo jioni pita duka la dawa, nunua kipimo cha mimba. Vingi navyo hutumia dhahabu hiyohiyo. Kipasue, utoe ile karatasi, uitazame kwenye mwanga. Usilale kabla hujaandika sentensi ya kwanza.