Sadaka ya ukuta wa jirani

Wiki chache zilizopita, huku pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam ninakoishi, nyumba moja ya wapangaji iliungua moto mchana kweupe. Gari la zimamoto lilikuja, tena halikuchelewa sana. Lakini liliishia kona ya kwanza, kwa sababu kati ya ukuta wa upande huu na fremu za upande ule palikuwa na nafasi ya kupishana bajaji mbili tu, nazo zikiwa zinakwaruzana. Askari wakateremka wakakimbia kwa miguu. Vijana wakabeba maji kwa ndoo. Hakuna aliyekufa, Alhamdulillahi, ila familia nne zilibaki na nguo walizokuwa wamevaa.

Wazee wanasema barabara ile zamani ilikuwa njia ya kwendea shamba, mikorosho huku na huku, enzi hizo hapa pakiitwa kijiji. Jiji likaja. Watu wakakata viwanja wenyewe kwa wenyewe, wakauziana kwa karatasi mbele ya mjumbe, na kila aliyejenga akasogea kidogo mbele. Leo njia ile ile ya shamba inapitisha malori ya mchanga, bodaboda, wanafunzi, mikokoteni ya maji na majeneza. Mvua ikinyesha hata hayo hayapiti.

Baada ya moto tukaitwa kwenye mkutano wa mtaa. Mhandisi aliyekuja kupima akatueleza kwa lugha nyepesi: ikipatikana njia ya upana wa mita nane, na wenye nyumba wakasaini kwamba wameridhia kuachia maeneo yao bila fidia, barabara yetu inaweza kuingizwa kwenye mpango. Fungu la kujengea linaweza kutafutwa. Fungu la fidia halipo.

Minong'ono ikaanza. Mimi nikanyoosha mkono. Nilizungumza vizuri, nadhani, maana watu waliitikia. Nikakumbusha kwamba Mtume (SAW) alifundisha kuwa kuondoa kitu chenye kuudhi njiani ni sehemu ya imani, na kwamba njia inayopitiwa na watu ni sadaka yenye kuendelea. Nikawaomba wenye nyumba za mbele wasiitazame mita mbili ya dunia wakaacha malipo ya akhera.

Akasimama bibi mmoja mjane anayeuza vitumbua asubuhi barazani kwake. Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Mwanangu, na wewe ukuta wako unavunjwa mita ngapi?"

Mimi nakaa nyuma. Ukuta wangu hauguswi. Barabara ikijengwa, gari litafika mlangoni, na kiwanja changu kitauzwa kwa bei ambayo leo nikiitaja nitachekwa. Nilikaa chini.

Tangu siku ile sikuliacha swali la yule bibi, kwa sababu naona ndilo tunalolikwepa kila tunapozungumzia maendeleo ya mitaa yetu. Tunauliza barabara ijengwe lini na kwa fedha za nani, tukikusudia kokoto, lami na kalavati. Hatuulizi ardhi ya barabara inatoka kwa nani na anapewa nini. Yule bibi akisogezwa mita mbili hapotezi ukuta peke yake. Anapoteza baraza analofanyia biashara, na shimo la choo ambalo kwa bahati mbaya lipo mbele ya nyumba. Kuchimba shimo jingine na kulijengea si fedha ya vitumbua. Kwa hiyo kila mmoja wetu akipita barabara mpya, atakuwa anapita juu ya mtaji wake, nasi tutasema amejitolea.

Hivi sadaka ni nini? Sadaka ni mtu kutoa chake kwa ridhaa yake. Ridhaa ya mtu aliyezungukwa na majirani mia mbili, shehe mmoja akimhubiria thawabu na kijana mwingine akinong'ona kwamba yeye ndiye anayezuia maendeleo, ni ridhaa ya namna gani? Saini yake itakuwepo. Lakini sisi tuliokuwepo tunajua ilivyopatikana.

Sasa nisieleweke vibaya. Wapo watu ambao hawastahili kulipwa hata shilingi. Imepokewa kwamba Mtume (SAW) aliagiza watu wakihitilafiana juu ya upana wa njia, ifanywe dhiraa saba. Hizo ni kama mita tatu na kidogo, na wanazuoni wameeleza kuwa zilitosha kupishana wanyama waliobeba mizigo. Zama zile gari la zimamoto halikuwepo, lakini maana yake iko wazi: njia ina haki yake, na haki hiyo haimomonyolewi na kila mwenye tofali. Ipo pia onyo kali juu ya anayedhulumu shubiri moja ya ardhi. Mara nyingi tunaisoma tukimfikiria tajiri anayempora masikini shamba. Tumsomee pia yule aliyejenga fremu tano juu ya njia ya watu, akapangisha, akala kodi miaka kumi, na leo anadai fidia.

Basi kazi ya kwanza ni kuwatenganisha watu hawa, na sheria zetu zenyewe zinajaribu kufanya hivyo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipopanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, tuliona nyumba zikichorwa alama za X za rangi mbili. Nyekundu ni kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, huyo aondoke bila malipo. Kijani ni kwa aliyekutwa na zile mita saba na nusu zilizoongezwa, huyo alipwe siku eneo litakapohitajika. Unaweza kulaumu namna wanavyocheleweshwa wa kijani, na mimi nalaumu, lakini mgawanyo wenyewe una uadilifu ndani yake: barabara iliyomfuata mtu si sawa na mtu aliyeifuata barabara.

Mgawanyo huo huwa mgumu tarehe zikirudi nyuma sana. Wengi tunakumbuka mwaka 2017, Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, nyumba zilivyobomolewa kwa hoja kwamba hifadhi ya eneo lile ni mita 121.5 kila upande kwa sheria zenye asili ya ukoloni. Wapo waliokuwa na huduma za maji na umeme, wakilipa kodi ya majengo. Barabara ile leo ni pana na inapitika. Nami napita. Lakini mtu aliyeuziwa kiwanja huku ofisi zote zikimwona anajenga, kisha akaitwa mvamizi, ana kauli ya kusema, na upana wa barabara haujaijibu.

Kwetu mtaani hakuna X ya rangi yoyote, kwa sababu njia yetu haikuwahi kuwa na hifadhi iliyopimwa. Yule bibi alijenga kabla njia haijawa barabara. Kwa mizani yoyote ile, barabara ndiyo inayomfuata.

Na juu ya mtu kama huyo dini haikunyamaza. Wanahistoria wanasimulia kwamba Umar bin Khattab (RA), katika zama za ukhalifa wake, alitaka kuupanua Msikiti wa Mtume mjini Madina, na nyumba ya Abbas (RA), ami yake Mtume, ikawa kikwazo. Umar akamwomba auze, au abadilishiwe, au aitoe sadaka. Abbas akakataa yote. Wakaenda kwa Ubayy bin Ka'ab (RA) awaamue, naye akahukumu kwamba khalifa hana haki ya kumtoa mtu nyumbani kwake bila ridhaa. Amirul Muuminina alishindwa kesi. Baada ya kushinda ndipo Abbas akaitoa nyumba bure kwa ajili ya Waislamu. Ile ikawa sadaka, kwa sababu alikuwa amekwishahakikishiwa kuwa anaweza kukataa.

Makka ilikuwa tofauti kidogo. Inasimuliwa kwamba mwaka wa 17 Hijria, Umar alipopanua eneo la Msikiti Mtukufu, alinunua nyumba za jirani akazivunja, na waliokataa kuuza thamani ya nyumba zao iliwekwa amana mpaka walipokwenda kuichukua. Kwa hiyo wanaosema mtu mmoja asizuie haja ya umma wana dalili. Lakini hata hapo thamani ilitolewa. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa, lilipokutana Jeddah mwaka 1988, liliafiki kwamba mali ya mtu inaweza kuchukuliwa kwa maslahi ya umma, kwa sharti la fidia ya haki inayolipwa papo hapo, ikikadiriwa na wataalamu, isiyopungua bei ya soko. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inazungumza lugha hiyo hiyo ya fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Katiba ibara ya 24 inamlinda mwenye mali. Tunachoombwa kusaini mtaani ni kuviruka vyote hivyo kwa jina la kujitolea.

Atasema mtu: hiyo ni kazi ya serikali, sisi tunahusikaje? Ni kweli, na tusiiache idai wajibu wake. Kila lita ya mafuta tunayonunua ina tozo ya barabara ndani yake, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zilizo chini ya TARURA. Bodaboda anachangia kila siku. Lakini mitaa ni mingi, foleni ni ndefu, na moto hausubiri mwaka wa fedha.

Zipo kanuni za mafakihi zinazotufaa hapa. Moja inasema madhara ya mmoja huvumiliwa ili kuzuia madhara ya wengi. Hiyo tunaipenda sisi wa nyuma. Lakini pembeni yake zipo mbili nyingine: kwamba dharura ya mtu haifuti haki ya mwenzake, na kwamba gharama inafuatana na faida. Hii ya mwisho ndiyo inayonibana. Anayefaidika na barabara kuliko wote ni nani? Si mpangaji wa chumba kimoja, ambaye barabara ikipita huenda akapandishiwa kodi. Ni mwenye kiwanja wa nyuma, mwenye nyumba za kupangisha, mwenye malori ya mchanga.

Mwenyekiti alikuwa amependekeza kila kaya itoe elfu ishirini za kukodi greda na kununua kifusi. Kwa juu juu unaona ni usawa. Ukitazama, mjane anatoa elfu ishirini pamoja na baraza na choo, na mimi natoa elfu ishirini napata barabara. Nilirudi mkutano wa pili nikasema hivyo, na nikapendekeza mchango ukadiriwe kwa viwanja na magari badala ya kaya, wapangaji waachwe, na fedha ya kwanza kabisa isiende kwenye kifusi bali kwenye mashimo ya vyoo na kuta za wanaorudishwa nyuma. Mwenye fremu za juu ya njia avunje mwenyewe. Hapo kelele zilikuwa kubwa, maana mwenye fremu yumo kwenye kamati. Bwana mmoja mwenye malori akaniambia ninaleta siasa.

Hatukukubaliana yote. Wapangaji wameachwa, hilo limepita. Suala la malori limeahirishwa. Yule bibi amesema atatoa mita moja na nusu bila kudai bei ya ardhi, ila hatasaini mpaka aone shimo jipya limechimbwa na kufunikwa. Kamati imemwona mkaidi. Mimi nimekwenda kuzungumza na fundi, na kwa hesabu yake, sisi wenye viwanja tisa vya nyuma tukitoa tulichotoa mwaka jana kujengeana kuta, shimo linakwisha na chenji inabaki. Watano wamekubali mpaka sasa.